Damu ya Mume wa Sidi

Kila alipopelekewa chakula, Kaingu Garama aliuliza swali lilelile: "Baba amekula?"

Siku ya kwanza askari wa zamu walicheka. Siku ya tatu hawakucheka tena. Kufikia siku ya tisa, kituo kizima cha polisi cha Malindi hakikuwa na askari aliyetaka kumpelekea sahani, kwa sababu huyo baba ndiye aliyedaiwa kuuawa, na Kaingu alikuwa seli kwa kumuua. Mtu anayemwulizia marehemu wake kama ameshiba hukutia baridi hata katika joto la Machi. Inspekta Abdulghani Badi, ambaye ofisi yake ilipakana ukuta na seli, alilisikia swali hilo mara mbili kwa siku, na usiku akalala nalo nyumbani kwake Mambrui. Alikuwa ameshughulikia mauaji kumi na manne tangu avae kiatu cha serikali. Hakuna lililokuwa limemnyima usingizi namna hii.

Ijumaa asubuhi alikwenda Kilifi kufunga jalada. Jumatatu Kaingu angesomewa shtaka la mauaji, na mwisho wa shtaka hilo kila mtu aliujua: kitanzi. Maiti ya Mzee Garama haikuwa imepatikana. Koplo wa upelelezi, kijana hodari kutoka bara, alisema fisi wa Ganze wamekwisha fanya kazi yao. Lakini mambo matatu yalikuwapo, na kwa koplo yalitosha na kusaza.

La kwanza, Nzai, mdogo wake Kaingu, alikuja mwenyewe kituoni kusema kwamba babake hajaonekana tangu Jumatatu, na kwamba wiki hiyo alimsikia kaka yake akimwambia mzee, "Ukienda huko utakufa." La pili lilikuwa shati la Kaingu, lililokutwa limefichwa kwenye uchaga wa mahindi. Lilikuwa limelowa damu ubavuni, upande wa kushoto, juu kidogo ya mshipi. La tatu lilikuwa maelezo ya Kaingu mwenyewe. Koplo alimtandazia lile shati mbele yake, akamwuliza, "Umemuua baba?" Majibu yake aliyaandika neno kwa neno, na Kaingu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji na kuuzia makaa, akatia kidole gumba:

"Sikumuua baba. Damu ni ya baba. Alikanyaga panga, nikambeba. Alisema anaitwa kutoka chini. Nikadhani ni homa."

Hayo yaliandikwa Jumatano ya wiki iliyopita. Alhamisi asubuhi Abdulghani alirudi kutoka mazikoni kwa jamaa yake, macho yamemvimba, akayasoma akiwa amesimama, akatia sahihi. Alipokwenda seli kumwuliza Kaingu kama ana la kuongeza, Kaingu alisema, "Baba hajafa. Amelala." Basi. Koplo alizungusha kidole kwenye kipaji cha uso wake kuonyesha kwamba mtu huyo akili zimemhama, na Abdulghani akaliacha hapo.

Kituo cha uchunguzi wa damu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Kilifi, jengo jeupe lenye mabati mapya. Daktari Shekha Abdillahi, mtoto wa Malindi mjini aliyesomea Ulaya, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba, daktari. Nimefuata shati langu. Lakini kabla hujanipa, nieleze tena ile kazi. Hakimu ataniuliza, na mara ya kwanza niliitikia tu kwa adabu."

Shekha alicheka, akavuta droo. Alitoa kigae cha kioo kisichozidi ukubwa wa kiberiti, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Abdulghani hakuona kitu. Kisha kioo kikageuzwa kidogo, na ndani yake ikaonekana michirizi myembamba kuliko unywele, imepangwa sambamba kama matuta ya shamba.

"Hii ni mifereji," Shekha alisema. "Imechongwa kwa asidi. Naweka tone moja la damu kwenye kishimo hiki, nalisukuma polepole kwa maji ya chumvi. Chembe nyekundu ni laini, hujikunja zikapita hapa katikati, zikaenda zake. Chembe nyeupe ni kubwa, hukwama hapa pembeni. Hizo nyeupe ndizo nizitakazo, maana ndani yake mna urithi wa mtu, aliopewa na baba na mama. Nazipasua, nazisafisha, na mwisho napata filamu kama ya eksirei, yenye mistari. Kila mtu na mistari yake."

"Kwa tone moja?"

"Tone moja. Zamani ningetaka bomba zima. Lakini sisi twapima watoto zaidi, na mtoto aliyepungukiwa damu utamtoaje bomba zima?"

"Na shati?"

"Shati nilililoweka na kulisafisha kwa mkono. Damu iliyokauka haina tena chembe nzima, kioo hakiifai. Kisha nililinganisha na tone tulilokuwa nalo hapa tangu Januari, tulipopima vijiji vya Ganze. Tazama mwenyewe."

Aliweka filamu mbili kwenye meza ya taa. Mistari ilikaa mstari kwa mstari, hakuna uliozidi, hakuna uliopungua. Abdulghani aliihesabu yote kwa ncha ya kalamu, tena akaihesabu upya kutoka chini, kwa sababu shingo ya mtu ilikuwa imening'inia pale.

"Damu ya shati na damu ya Garama Kaingu ni ya mtu mmoja," Shekha alisema. "Hilo naapa mahakamani."

"Nionyeshe huyo Garama Kaingu ameandikwa wapi."

Daftari lililetwa na Musyoka, fundi wa maabara, mtu mnene wa Machakos aliyependa mzaha. Lakini siku hiyo hakuwa na mzaha. Alilifungua, akaweka kidole, akageuza uso upande. Nambari sitini na moja. Jina: Garama Kaingu. Kijiji: Ganze. Aliyemleta: Sidi. Uhusiano: mume. Na pembeni, kwa mwandiko wa Musyoka mwenyewe: kioo kiliziba mara tatu.

"Kiliziba?"

Musyoka alimtazama daktari, naye akaitikia kwa kichwa. Fundi alikwenda kwenye kabati, akafungua kufuli, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake, juu ya pamba, vilikuwamo vigae vitatu vya kioo, na katika kila kimoja uzi mwekundu mweusi umeganda katikati.

"Mbona umevifungia?"

"Siwezi kuvitupa, Inspekta. Mwenyewe ameuawa. Na siwezi kuviangalia."

Abdulghani alidhani amepata. Alikuwa amekwisha kukutana na mafundi wengi wanaopunguza gharama kwa ujanja wa jikoni, na aliuliza swali lake kwa sauti ya upole aliyoiweka akiba kwa waongo.

"Musyoka, ndugu yangu. Kioo hiki ni ghali. Uliosha cha mtu mwingine ukakitumia tena, sivyo? Damu mbili zikachanganyika."

Uso wa Musyoka ulivimba kwa hasira. Alimwonyesha: kila kigae kilikuwa kimekwaruzwa nambari ukingoni kwa sindano ya almasi. 61, kisha herufi. Alimwonyesha kasha la vilivyokwisha kutumika, vyote vimevunjwa pembe kwa makusudi ili visirudiwe. Abdulghani alivilinganisha na daftari kimoja baada ya kingine, kwa robo saa nzima. Hakuna kilichopungua wala kurudiwa. Akaomba radhi.

"Damu ya sitini ilipita," Musyoka alisema. "Ya sitini na mbili ilipita. Ya mzee huyu haikutaka kupita. Mara tatu! Ya nne niliizimua mno ndiyo ikakubali. Na wakati huo alikuwa hai bado. Ni kama ilijua."

"Damu haijui kitu," Abdulghani alisema, ingawa naye nywele za shingo zilimsimama. "Daktari, mifereji hii huzibwa na nini?"

"Vumbi. Mara nyingi ni vumbi. Nilidhani kundi hilo la vioo ni bovu."

"Mara tatu kwa mtu mmoja, na wa kabla yake na wa baada yake wakapita?"

Alichukua kigae kimoja, akakiweka chini ya hadubini, akainama. Alipoinuka alimsogezea Inspekta kiti. Abdulghani alitazama. Katika mfereji, chembe zilikuwa zimerundikana kama taka kwenye mdomo wa bomba. Hazikuwa za mviringo. Nyingi zilikuwa zimejipinda, nyembamba, zimechongoka ncha zote mbili, kama mundu wa kukatia nyasi.

"Huu ndio ugonjwa tunaoupima," Shekha alisema taratibu. "Wa kurithi. Chembe hujipinda, zikawa ngumu, zikaziba mishipa kama zilivyoziba kioo. Sampuli hizi tungezisoma mwisho wa mwezi. Sikuitazama."

"Aliye nao huishi miaka mingapi?"

"Huku kwetu, bila hospitali karibu? Wengi hawafiki kumi."

Abdulghani alifunga daftari. "Mzee Garama alikuwa fundi wa visima. Ana miaka sabini na kitu, na mwezi uliopita alikuwa akichimba mwamba kwa sururu. Damu hii si yake, daktari."

"Lakini imeandikwa. Mume wa Sidi."

"Umri haukuandikwa."

"Umri uko kwenye daftari dogo la Zipporah, mwuguzi aliyezunguka vijijini. Yuko Mombasa masomoni, atarudi Jumanne."

Jumanne ilikuwa siku moja baada ya mahakama. Musyoka alijaribu kurudisha mzaha wake. "Pengine yule nyanya ana mume wa pili." Hakuna aliyecheka, na Abdulghani, akiwa amekwisha kuweka shati kwapani ndani ya bahasha yake ya kahawia, alijikuta akiliwaza jambo hilo kwa dhati mpaka kwenye gari.

Konstebo Mwambire, aliyeendesha Land Rover, alikuwa mtoto wa Ganze, na njia nzima hakusema ila mambo ya mvua. Hapakuwa na mvua ya kusemwa. Mahindi yalikuwa yamesimama makavu tangu mwaka jana, na wanawake walitembea ukingoni mwa njia na madebe matupu vichwani, wakienda mbali walikosikia kuna maji. Saa saba waliuacha mchanga wa barabara wakaingia kwenye njia ya ng'ombe. Mji wa Mzee Garama ulikuwa na nyumba tatu za makuti. Mbili zilikuwa zimefungwa. Mke wa Kaingu alikufa mwaka mmoja nyuma, na kabla yake watoto wake wawili.

Sidi, mke wa mzee, alikuwa ameketi kivulini, nje ya nyumba ya tatu, akichambua kunde. Alikuwa mwembamba, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Mwambire alimwamkia kwa heshima, akachuchumaa.

"Hawe," alimwita, kama wajukuu wote wa huko wawaitavyo bibi zao, "huyu ni mkubwa wetu. Ataka kukuuliza kuhusu mumeo."

Sidi aliendelea na kunde zake. "Yupi?"

Abdulghani na Mwambire walitazamana.

"Aliyetolewa damu na Zipporah, mama," Abdulghani alisema. "Mwezi wa kwanza. Garama Kaingu."

"Oh, huyo. Huyo hajambo. Amekunywa uji, amelala ndani. Mguu wamsumbua tu."

Jua lilikuwa utosini, kuku wanaparua majivu, na bado Abdulghani alihisi jasho la mgongoni limegeuka maji ya barafu. Alimsikia Kaingu kama yuko nyuma yake: Baba hajafa. Amelala. Alisogea mlangoni. Mkono wake ulikwenda kwenye mkoba wa bastola, na mpaka leo huona haya akikumbuka. Aliinama, akaingia, akasubiri macho yazoee giza. Juu ya kitanda cha kamba mtu alikuwa amelala amejifunika shuka gubigubi, na wayo mmoja umetokeza, umefungwa kitambaa.

Alivuta shuka. Mtoto wa miaka saba, mwenye macho ya manjano na tumbo lililovimba, alimtazama bila kupepesa.

"Nani huyu?" Abdulghani aliuliza.

"Mume wangu," Sidi alijibu kutoka nje. "Si mnamtafuta yeye?"

Mwambire alipasua kicheko, kisha kikamfia mdomoni. Abdulghani aliketi ukingoni mwa kitanda. Alilelewa Mambrui na bibi yake, mamake mama, na mpaka siku ya harusi yake bibi huyo hakupata kumwita ila "mume wangu." Mume wangu njoo ule. Mume wangu mnunulie mkeo ubuyu. Sokoni, mbele za watu! Angeulizwa na karani wa serikali, bibi angesema hivyohivyo, na karani angeandika.

Alitoka na mtoto mikononi. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu.

"Mama, mtoto huyu jina lake Garama?"

"Garama wa Kaingu. Ndiye aliyepewa jina la mume wangu mkubwa. Wawili wa kwanza walikufa, huyu akabaki."

"Na babake, Kaingu, humwitaje?"

Sidi alimshangaa mtu mzima asiyejua jambo kama hilo. "Humwita baba. Amwiteje tena, na ni jina la babake?"

Abdulghani alimkabidhi Mwambire mtoto. "Mbebe mgongoni." Mwambire alimpandisha. Mtoto alishika shingo yake, miguu ikaning'inia, na ule wayo uliofungwa ukatua ubavuni kwa Mwambire, upande wa kushoto, juu kidogo ya mshipi. Abdulghani alitoa shati kwenye bahasha, akaliinua pembeni yake. Doa lilikaa mahali pake. Mzee aliyebebwa hivyo wayo wake ungefika gotini. Siku tisa alikuwa na shati hilo, asilijaribu mgongoni mwa mtu hata mara moja.

"Kwa nini mlilificha shati, mama?"

"Damu ya mtoto mgonjwa haiachwi kambani. Kuna watu wabaya."

Sasa maelezo ya Kaingu yalimrudia, na kila neno lilikuwa limebadilika sura. Sikumuua baba: koplo alimwonyesha damu ya mwanawe, naye akadhani anaulizwa habari za mwanawe. Damu ni ya baba. Alikanyaga panga, nikambeba. Yote yalikuwa kweli tupu. Shingo ya Kaingu ilikuwa imetoka kitanzini, na Abdulghani alihisi furaha ikimpanda mpaka kooni, akataka kumbusu yule bibi mkono. Ndipo akafika kwenye sentensi ya nne. Alisema anaitwa kutoka chini.

Alichuchumaa mbele ya mtoto. "Garama, baba. Ulikanyaga panga la nani?"

"La babu. Lilikuwa njiani."

"Njia ya wapi?"

"Kisima cha zamani. Mtoni."

"Na nani alikuwa akikuita kutoka chini?"

Mtoto alimtazama bibi yake. Sidi alisimama, kunde zikamwagika.

"Usimtaje! Mwanangu, usimwulize hilo, utamuua! Nimemficha siku zote hizi asimwite tena!"

Ilichukua muda kumtuliza, na aliyemtuliza ni Mwambire, kwa Kigiriama, akimshika mikono. Kisha alisimulia mwenyewe. Koplo alipokuja Jumatano kuchukua shati, alimwambia: mumeo amekufa, mwanao ndiye aliyemuua, damu imeonekana, usihangaike kumtafuta. Basi akanyoa nywele. Alhamisi alifuata panga la mumewe lisipotee porini. Alipokaribia kile kisima kilichoporomoka, ambacho Kaingu alimkataza mzee asikifukue, akasikia anaitwa kwa jina. Sidi. Sidi. Kutoka chini ya ardhi.

"Nikajua ni koma la mume wangu, mzimu wake," alisema. "Mtu aliyekufa, hana kaburi, atalala wapi? Likasema lina kiu. Nikarudi na maji na uji, nikammwagia pale kwenye ufa, kama tunavyowamwagia wafu wetu wote. Siku nne nilikwenda. Nililia, nikamwomba asimchukue mtoto mwenye jina lake, aniachie huyu mmoja. Mara ya mwisho ilikuwa Jumapili. Jumatatu nilipokwenda hakuita tena. Nikajua ameridhika."

Kuku walikuwa wamekwisha kuzifikia kunde. Mwambire aligeuka akatazama gari, na Abdulghani alihesabu bila kutaka: Jumatatu aliyotumbukia, Jumatano ya maelezo, Alhamisi ya sahihi yake, kisha Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Siku nne tangu aweke kalamu chini, mzee alikuwa akiita.

Kisima kilikuwa kwenye kitanda cha mto mkavu, mwendo wa nusu saa, nyuma ya vichaka vya miiba. Mdomo wake ulikuwa umefunikwa na kifusi, umebaki ufa wa kupitisha mkono. Waliondoa mawe kwa mtaimbo wa gari na kwa kucha mpaka mtu akaweza kupita. Harufu iliwaambia kabla ya kamba kufungwa. Mwambire alishuka, kitambaa puani, na tochi ya kituo.

"Yupo, afande," sauti yake ilipanda hatimaye. "Miguu imebanwa na mwamba. Ameketi."

"Kuna jeraha la panga? La kupigwa?"

"Hakuna. Afande…"

"Sema."

"Ana kibuyu mkononi. Amekiweka sawasawa chini ya ule ufa. Kina uji mkavu."

Abdulghani alimwambia akipandishe, kwa kuwa ni kielelezo, na kilipomfikia alikitia katika bahasha ileile ya shati, akaandika tarehe na saa. Sidi alikuwa amewafuata akakaa mbali, chini ya kichaka, amempakata mtoto na kumziba masikio.

"Amepatikana?" alimwuliza.

"Amepatikana, mama. Tutamzika."

"Alikuwa ameridhika?"

Inspekta Abdulghani Badi alikuwa ameapa mara nyingi kusema kweli tupu. "Ameridhika, mama," alisema. "Uji wako ulimfikia."

Walirudi Malindi jua likiwa limeshuka juu ya minazi. Kabla ya kuvua kofia, alipiga simu kwa mwendesha mashtaka na kwa Daktari Shekha, kisha akaandika ripoti kwa mkono wake, akaeleza maneno mawili, baba na mume, na nani aliyeyasoma vibaya. Jina la koplo aliliandika mara moja. Lake aliliandika mara tatu. Kisha aliingia jikoni mwa kituo, akachukua sahani ya wali na maharage, akaipeleka seli mwenyewe. Askari wa zamu walimpisha wakitazama chini.

Kaingu alikuwa ameketi ukutani. Alipokea sahani kwa mikono miwili.

"Baba amekula?"

"Amekula," Abdulghani alisema. "Nimemwona leo kwa macho yangu. Amekunywa uji, na mguu unapona. Daktari wa Kilifi atamfuata kesho kwa gari ampe dawa. Nawe kesho utatoka, Kaingu. Ni makosa yetu."

Uso wa Kaingu ulifunguka. Alicheka, machozi yakamdondoka kwenye wali, akala matonge matatu ya haraka, kama mtu aliyekumbuka njaa ya siku tisa kwa mara moja. Kisha alisita, tonge la nne mkononi.

"Na mzee?" aliuliza. "Amerudi kutoka kazini?"

Abdulghani aliketi sakafuni mbele yake, na sare yake yote, akasubiri kwanza amalize kula.